Filamu ya Wezi Imetuuliza Swali

Jumamosi moja ya hivi karibuni, baada ya sala ya Isha, wakazi wa Kirongwe walijaa katika kibanda umiza kutazama filamu ya Kenya iitwayo "Nairobi Half Life". Filamu ilipokwisha watu hawakutawanyika. Walibaki nje wakibishana mpaka usiku mkubwa, na asubuhi yake ubishi ukahamia sokoni na barazani. Tumeyasikia maoni ya pande zote, na tunaona kwamba jambo hili limepita kiasi cha starehe ya usiku mmoja. Linahusu malezi ya vijana wa kisiwa hiki, na kwa hiyo linawahusu wananchi na viongozi kwa pamoja.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaiona, filamu hiyo ilitolewa mwaka 2012 chini ya uongozi wa David Tosh Gitonga. Ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni, ingawa haikuingia katika orodha ya mwisho. Joseph Wairimu, aliyeigiza kama Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo. Mwas ni kijana wa shamba anayeuza filamu za kigeni kijijini kwao, naye ana shauku moja tu, kuwa mwigizaji. Anakwenda Nairobi. Siku ya kwanza ananyang'anywa alichokuwa nacho, anatiwa mahabusu, na huko ndiko anakokutana na Oti, kiongozi wa genge linaloiba vipuri vya magari. Tangu hapo anaishi maisha mawili: anafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, na anaiba. Katikati ya hayo anampenda Amina, mpenzi wa Oti, msichana anayeuza mwili wake ili apate riziki. Polisi wanaoonyeshwa humo wanakula sehemu ya wizi, na mwishowe wanawageuzia vijana wale bunduki.

Wazee wengi waliotoa maoni yao waliilaumu filamu. Walisema ni darasa la wizi. Mmoja wao alisema kwamba Kirongwe magari ni ya kuhesabu lakini minazi ni mingi, na kijana aliyefundishwa kufungua taa ya gari usiku hatashindwa kupanda mnazi wa jirani. Mwingine alikumbusha kwamba watu wa mbali wakisikia jina la kisiwa chetu hudhani sisi ni jamaa za wahalifu wa Sicilia, ilhali Mafia yetu imetajwa katika Habari za Kilwa za karne ya 16, kabla ya genge lile kujulikana duniani katika karne ya 19. Akauliza kwa nini tujitafutie aibu nyingine kwa kuwaonyesha watoto wetu magenge.

Vijana walijibu kwa adabu, lakini walijibu. Walisema filamu haikumsifu mwizi, kwani karibu genge zima linaangamia. Walisema walichokiona ni kile wanachosimuliwa na wenzao waliovuka bahari kwenda Dar es Salaam. Na hawakuficha kwamba waliyapenda mapenzi ya Mwas na Amina, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya filamu ambamo mtu anazungumza na mwenzake bila ya kutaka kumwibia.

Kina mama, ambao kwa kawaida hawaulizwi katika mambo kama haya, walisema neno ambalo wengine hawakulisema. Wanaume walipokuwa wakimcheka Amina, mama mmoja alisema, "Huyu naye ana kwao." Kisha akanyamaza. Majirani wanafahamu kwamba kijana wake mwenyewe aliondoka kwenda mjini yapata miaka mitatu iliyopita, na habari zake zimekatika.

Yupo pia mtumishi mmoja wa Serikali aliyesema kwamba filamu inawavunjia heshima polisi na kwamba ingefaa ipigwe marufuku wilayani.

Sisi tunapenda kutoa maoni yetu waziwazi, tukianza na hilo la mwisho. Filamu inayoonyesha askari anayegawana na mwizi haijamtukana askari mwaminifu, imemtenga naye. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye majivuno na ukandamizaji, na wala hakuna aliyesema kwamba kwa kufanya hivyo Chama kilijivunjia heshima. Kiongozi anayeogopa kivuli kilicho juu ya kitambaa cheupe ajiulize kwanza anaogopa nini. Isitoshe, marufuku hiyo ingekuwa ya maneno matupu, kwani filamu hiyo vijana wanaweza kupeana kwa simu zao, mahali ambapo hakuna mzee wa kuuliza wala mama wa kusema neno.

Hata hivyo, wazee wetu wana haki katika jambo moja, na hapa hatutawapaka mafuta wenye vibanda. Usiku ule watoto wadogo walikuwa wameketi mbele, juu ya mkeka, wakitazama mauaji na mambo ya faragha ya watu wazima. Hilo ni kosa. Nchi yetu inayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na ipo Bodi ya Filamu ambayo moja ya kazi zake ni kupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Mwenye kibanda anayepokea kiingilio cha mtoto wa darasa la tatu saa nne za usiku anafanya biashara kwa malezi ya mwenziwe. Afisa Mtendaji wa Kata na wazazi wenyewe wanao uwezo wa kulikomesha jambo hilo bila kusubiri barua kutoka Kilindoni.

Baada ya kusema hayo, tunarudi kwenye kiini cha ubishi. Hoja kwamba hadithi ya kijana anayepotezwa na mji ni uzushi wa siku hizi, au kwamba imeletwa na wageni ili kutuharibia watoto, haina msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tanganyika ilipokuwa bado chini ya Waingereza, ilipigwa filamu ya Kiswahili iliyoitwa "Muhogo Mchungu", inayomhusu mtu wa shamba anayekwenda mjini na kukutana na werevu wa mjini. Aliyeigiza humo alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, na tena Waziri Mkuu wa Tanzania tangu mwaka 1972 hadi 1977. Kwa hiyo wale waliosema kwamba Mwas alistahili yaliyompata kwa sababu uigizaji ni uhuni, wafikiri tena. Kuigiza hakukumzuia Kawawa kulitumikia taifa.

Yapata miaka 60 inazitenganisha filamu hizo mbili, na hadithi yake ni ile ile. Maana yake ni kwamba kwa muda wote huo swali halijajibiwa, nalo ni hili: kijana wetu akifika mjini, nani anampokea?

Tumfuate kijana wa Kirongwe safarini. Anapanda chombo Kilindoni, anateremka Nyamisati, anapanda basi, na jioni anashuka Mbagala Rangi Tatu akiwa na mfuko mmoja na namba ya simu ya binamu. Binamu akikosa kupokea, kijana huyo hana tofauti na Mwas. Atakayemfikia wa kwanza ndiye atakayekuwa mwenyeji wake. Akiwa mwema, atapata pahali pa kulala na kazi ya kubeba mizigo mpaka ajue mji. Akiwa Oti, atapata pahali pa kulala vile vile. Tumezoea kusema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Kosa letu ni kwamba tunawapeleka vijana mahali ambapo hakuna anayewakaribisha siku ya kwanza, kisha tunashangaa kusikia ni jembe gani walilopewa siku ya tatu. Na yanayompata kijana wa kiume humpata binti kwa njia iliyo mbaya zaidi. Yule mama alisema kweli: Amina naye ana kwao, na kwao walimwacha aende peke yake.

Kwa sababu hiyo tunatoa nasaha zifuatazo. Kwanza, serikali za vijiji ziweke utaratibu wa kila kijana anayeondoka kupewa barua ya utambulisho, na jina lake na la mwenyeji wake yaandikwe katika daftari la kijiji, ili habari zake zikikatika wazazi wajue pa kuanzia. Pili, watu wa Mafia walioko Dar es Salaam, ambao huchangiana vizuri sana katika harusi na misiba, wachangiane pia katika kuwapokea wageni. Tatu, halmashauri iwafikishie vijana wa huku kaskazini habari za ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kijana aliyepata nyavu halali na injini ya mashua huenda mjini kwa kupenda, wala hafukuzwi na njaa. Tena hana haja ya kushawishiwa na wavuvi wa baruti, ambao ndio magenge ya huku kwetu.

Mwisho, tunawashauri maafisa wa utamaduni na maendeleo ya jamii, pamoja na mkuu wa kituo cha polisi, wahudhurie filamu kama hii itakapoonyeshwa tena. Wakae na wananchi mpaka mwisho, kisha wasikilize. Kirongwe watu walizungumza usiku kucha bila ya kuitwa na mtu, na hakuna mkutano wa hadhara wa siku za karibuni uliopata maoni mengi namna ile. Tunamwombea yule mama kheri, na mwanawe arejee salama. Lakini dua peke yake haitoshi, maana kesho asubuhi kijana mwingine atapanda chombo Kilindoni, na daftari la kijiji bado halijafunguliwa.