Nunda Hakuzaliwa Nunda: Ngano za Pwani na Kasoro za Haiba

Wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii husikika sana Likoni, Kisauni na Changamwe, hasa kijana anapokamatwa na panga mkononi na majirani wakakusanyika kumjadili. Mmoja atasema ana jini. Wa pili atasema ni fisi tangu kuzaliwa. Wa tatu atasema ni kichaa, apelekwe Port Reitz, hospitali ya Changamwe yenye kitengo cha maradhi ya akili. Ni nadra kumsikia anayeuliza kijana huyo alianzaje, na ni nani waliomwona akianza wakanyamaza. Makala hii inashikilia kwamba swali hilo liliulizwa zamani na fasihi simulizi ya Waswahili, na kwamba jibu lake linakaribiana na saikolojia ya leo kuliko majina yote matatu.

Ni jambo lisilopingika kwamba ngano nyingi za wanyama humpa kila mhusika tabia moja isiyobadilika. Fisi ni mlafi, Sungura ni mjanja, Simba ana nguvu. Katika kisa cha punda wa dobi, chenye asili ya hekaya za Kihindi zilizoenea kwa Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna, punda huponea chupuchupu kwa simba, kisha hushawishiwa akarudi palepale na kuuawa. Upunda wake haumfunzi kitu. Ngano za aina hii zina faida yake: humwezesha mtoto kuutambua ulafi na ujinga kwa haraka. Hatari huzuka jina linapotoka katika ngano na kubandikwa mwana wa jirani. Fisi wa hadithini hana kesho wala jana, lakini mtoto wa Mlaleo au wa Chaani anazo zote mbili.

Taaluma ya tiba ya akili nayo ilipitia njia hiyohiyo. Haiba ni namna ya kudumu ya mtu kufikiri, kuhisi na kuhusiana na wenzake. Pale namna hiyo inapomharibia mtu maisha, au inapowaumiza wengine kwa muda mrefu, wataalamu husema kuna kasoro ya haiba. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliorodhesha kasoro 10, kila moja na jina lake na sifa zake, mithili ya zizi la wanyama wa ngano. Tatizo lilijulikana mapema: mgonjwa mmoja aliweza kutimiza sifa za majina mawili au matatu kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani likachukua mkondo mwingine. Katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, sehemu kubwa ya majina hayo iliachwa. Swali la kwanza sasa si mtu huyu ni wa aina gani, bali kasoro yake imefika kiwango gani: hafifu, cha wastani au kikali.

Hapa ndipo kisa cha Sultani Majinuni kinapostahili kusomwa upya. Kisa hiki kimo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Sultani alikuwa na wana saba na paka aliyempenda. Paka alikamata ndama. Watu wakapeleka habari kwa Sultani, naye akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka akaendelea na mifugo mikubwa zaidi, na jibu likawa lilelile. Akamla mtoto, kisha watu wazima, na bado Sultani alimtetea. Siku paka alipowaua wana watatu wa Sultani mwenyewe, ndipo baba alipokiri kwamba yule hakuwa paka tena, bali Nunda, mla watu.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, Nunda hakuzaliwa Nunda. Alikua kwa viwango, kutoka ndama hadi mtu, na kila kiwango kilikuwa na shahidi wake. Pili, jina la wazimu halikupewa mnyama. Majinuni ni neno lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya aliyeingiwa na jini, na mwenye jina hilo ni Sultani. Msimuliaji aliiona kasoro si ndani ya mnyama peke yake, bali pia katika uhusiano kati yake na aliyemfuga. Kila nyumba yenye mwana aibaye, apigaye dada zake au atesaye wanyama, na yenye mzazi asemaye “mwache, ni wangu”, ina Sultani wake.

Hata hivyo, ngano isitumiwe kusema zaidi ya inavyoweza. Magenge ya vijana wenye mapanga ambayo yameitaja Kisauni na Likoni mara nyingi magazetini katika miaka ya hivi karibuni si ushahidi kwamba kila mwanachama wake ana kasoro ya haiba. Ukosefu wa kazi, dawa za kulevya na woga wa kubaki peke yake mtaani huweza kumwingiza gengeni kijana mwenye akili timamu kabisa. Malezi nayo si chanzo pekee. Maumbile ya kurithi yana sehemu yake, na wapo wazazi waliokemea tangu mwanzo bila kufaulu. Mwongozo uleule wa Marekani unakataza kumpa mtu aliye chini ya miaka 18 jina la kasoro ya haiba ya uadui kwa jamii, na unataka pawepo dalili za ukiukaji mkubwa wa mwenendo kabla ya miaka 15. Kwa maneno mengine, hata daktari hulazimika kuuliza habari za ndama kabla ya kulitaja jina la Nunda.

Tahadhari hiyo imo pia katika sehemu ya pili ya kisa. Mkaajikoni, mwana mdogo aliyedharauliwa, alitoka kumsaka Nunda. Aliua mbwa, akaua ngawa, punda milia, twiga, kifaru, hata tembo, kila mara akiamini amempata mla watu. Kila mara mama yake alimjibu kwamba huyo siye. Wasomaji wengi huicheka sehemu hii, lakini ndiyo yenye uzito mkubwa. Shujaa mwenye nia njema aliua wengi wasio na hatia kabla ya kumfikia mhalifu. Katika kaunti jirani za Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Katika mitaa ya bara ya Mombasa, umati humhukumu mshukiwa kwa mawe kabla ya polisi kufika. Jamii ina akina Mkaajikoni wengi. Inayekosa ni yule mama, wa kuutazama mzoga na kusema siye.

Huenda mtu akapinga kwamba kisa hiki huishia kwa Nunda kuuawa, hivyo kinahalalisha kuua. Pingamizi hili lina mashiko ikiwa ngano itasomwa kama sheria. Lakini Nunda wa hadithini hana mama wa kumlilia wala daktari wa kumsikiliza, na mtu anavyo vyote viwili. Ngano inafundisha mahali pa kutazama; la kutenda baada ya kutazama ni jukumu la walio hai.

Kwa kuhitimisha, walimu na wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulipanua swali wanaloliuliza darasani. Kumtaka mwanafunzi aorodheshe sifa za Fisi kunatosha kwa mtihani, lakini hakumsaidii anapovuka kivuko cha Likoni kurudi mtaani kwake. Aulizwe pia ni nani aliyeona ndama akiliwa, alimwambia nani, na alijibiwa nini. Atakayezoea kuuliza hivyo katika ngano ataweza kuuliza hivyo nyumbani kwao, wakati paka bado ni paka.