Boti isiyo na choo isipewe ruhusa

Meli kubwa ya starehe haitafika Kalemie, wala Moba, wala Pweto. Ila kiwanda kinachounda meli za namna hiyo kina historia katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 Meyer Werft wa Papenburg, Ujerumani, waliunda meli ya Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande na kuipeleka Kigoma ndani ya masanduku yapatayo 5,000. Ilishushwa majini Februari 1915. Ndiyo Liemba tunayoijua. Kiwanda hichohicho leo kinaunda meli zinazobeba maelfu ya watalii, kila chumba na choo chake. Upande wetu wa ziwa, hapa Kongo, anayetoka Lubumbashi kwenda kununua kapenta au kumsalimia mjomba wake hupanda balenieri ya mbao, na akibanwa na haja usiku, anajua mwenyewe atakavyojitafutia.

Tunachotaka ni hiki. Boti yoyote inayolaza abiria majini, ikiwa haina choo kinachohifadhi uchafu wake, isipewe ruhusa ya kuondoka. Na abiria aelezwe namna ya kukitumia kabla kamba haijafunguliwa.

Kila jambo hili likitajwa, kuna wakubwa wanaojibu kwamba watu wetu hawajazoea choo, hata ukiwapa watakiharibu. Hebu tutazame wale wanaosemwa wamezoea.

Kwenye meli ya starehe maji hayamwagwi kwa ndoo. Hewa ndiyo inayovuta: ukibonyeza kitufe, uchafu unafyonzwa kwa maji machache, kama lita moja hivi, unapita kwenye mabomba membamba hadi kwenye matangi ya kusafishia. Kwa hiyo masharti ni makali. Funika kwanza, ndipo ubonyeze. Usitupe kitambaa, pedi, nepi, karatasi zenye unyevu za kupangusia watoto, wala mabaki ya chakula. Bomba moja likiziba, vyumba vingi vya upande ule vinakosa choo kwa kosa la mtu mmoja. Masharti haya hubandikwa ukutani na bado yanavunjwa kila safari, tena na watu waliosoma. Hata wanajeshi hawakupona: manowari ya Marekani USS George H.W. Bush, inayobeba ndege za kivita, ilihangaika na vyoo vilivyoziba mwaka 2011, na mwaka 2020 wakaguzi wa serikali yao waliandika kwamba kusafisha mabomba yake kwa asidi kunagharimu dola 400,000 kila mara. Kwa fedha hizo soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, lingejengewa vyoo, likaajiri na wa kuvisafisha.

Februari 2013 meli ya Carnival Triumph ilishika moto kwenye chumba cha injini ikiwa katika Ghuba ya Mexico, na watu zaidi ya 4,000 ndani. Umeme ukakatika. Bila umeme hakuna hewa ya kuvuta, bila hewa hakuna choo. Hadi ilipovutwa na kufikishwa Mobile, Alabama, siku nne baadaye, maji machafu yalikuwa yakitiririka kwenye vijia na abiria walikuwa wamegawiwa mifuko ya plastiki ya kujisaidia. Hao walikuwa watu wa hoteli na kadi za benki. Mashine ilipokufa, wote walirudi kwenye mfuko. Asitokee tena mtu wa kutuambia kwamba usafi uko kwenye damu ya taifa fulani.

Wenzetu wanachotuzidi ni ukaguzi. Tangu mwaka 1975 Marekani ina mpango wa kukagua usafi wa meli za watalii zinazotia nanga kwake kutoka nje. Mkaguzi huja bila taarifa, anatoa alama kati ya 100, na meli inayopata 85 au chini imeanguka. Matokeo hutangazwa, kila mtu ayasome kabla ya kukata tiketi. Huku kwetu komiseri wa bandari anahesabu abiria na mizigo, anapokea karatasi zake. Choo hakimo kwenye karatasi hizo.

Sasa turudi kwenye balenieri. Choo, kikiwepo, ni kibanda cha mabati au mbao nyuma ya boti, na chini yake ni ziwa. Hatua chache mbele yake mama anashusha ndoo, anachota maji ya kupikia bukari. Wanawake wengi wanaamua kutokunywa maji tangu asubuhi ili wasilazimike kwenda nyuma gizani, mbele ya macho ya wanaume waliolala juu ya magunia. Mjamzito naye anafanya hivyohivyo. Hii ndiyo aibu kubwa kuliko zote, na haitajwi kwa sababu wanaoumia wamefundishwa kunyamaza.

Halafu kuna kipindupindu. Kalemie na Moba ni kati ya maeneo ambayo ugonjwa huu haujawahi kuondoka kwa muda mrefu tangu ulipoingia mashariki mwa nchi miaka ya 1970, na njia zake ni zilezile za samaki na abiria. Mgonjwa anaweza kuharisha lita nyingi kwa siku moja, na dalili huanza saa chache hadi siku tano baada ya kuambukizwa. Maana yake mtu anaweza kupanda boti akiwa mzima na kushuka amebebwa. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na ziwa hilihili, kipindupindu kikawashika maelfu na kuua watu wapatao 30. Waliondolewa kwa maji, na Liemba ilibeba mamia kila safari hadi Kigoma. Jaribu kufikiria vyoo vya meli yenye umri wa miaka mia moja siku hiyo.

Wapo watakaosema ziwa ni kubwa, linameza kila kitu. Ni kweli lina kina cha mita zipatazo 1,470. Lakini boti zetu haziendi katikati; zinafuata ufuko, kijiji kwa kijiji, na ufukoni ndiko watu wanakochota, wanakooga na kuosha vyombo. Mwaka 2003 Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulinda Ziwa Tanganyika dhidi ya uchafuzi. Saini ipo. Tangi la choo ndani ya boti halipo.

Abiria naye ana wajibu, na hatumbembelezi. Choo cha kukalia hakipandwi na viatu. Anayetumia maji badala ya karatasi atumie kopo, asiache sakafu inaogelea. Pedi na nepi ziende kwenye pipa lenye kifuniko. Mtoto asishikiliwe ukingoni kwa sababu mama ameona uvivu kusimama. Ukikuta pachafu, mwite mfanyakazi, usiongeze wako kisha ukafunga mlango kimyakimya. Na mikono ioshwe kwa sabuni: ndoo zenye robine tulizozizoea wakati wa Ebola na Covid zitolewe tena.

Mwenye boti atauliza nani atalipa. Alipe yeye, na bei iingie ndani ya tiketi. Tunapinga kabisa choo cha kulipia kila mara ndani ya chombo. Asiye na franka mia tano ataendelea kutumia ukingo. Tangi la plastiki lililofungwa vizuri, bomba la hewa na mtu mmoja wa kusafisha si gharama ya kumfilisi mfanyabiashara anayepakia mafuta na saruji kila wiki. Kazi ngumu zaidi iko bandarini, kwa kuwa tangi likijaa lazima limwagwe kwenye shimo lililojengwa nchi kavu, na shimo hilo ni jukumu la serikali. Bila shimo, mabaharia watafungua koki usiku.

Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, gavana aliyeko Lubumbashi hana amri Kalemie wala Moba. Huko ni jimbo la Tanganyika. Lakini Pweto na Kilwa kwenye Ziwa Moero ni zake, na Kasenga kwenye Luapula pia, huko wanakotoka samaki wa mezani kwetu. Aanze na gati la Kilwa: shimo moja, pipa la taka, picha ya maelekezo ukutani kwa Kiswahili, na mkaguzi mmoja mwenye haki ya kuzuia boti isiondoke. Atangaze matokeo kila mwezi, jina la boti na alama yake, redioni.