Waamuzi wa video watueleze sababu



Nina maoni juu ya waamuzi wa video, ambao wapenzi wa kandanda wanawaita VAR. Tangu waingizwe katika sheria za mchezo mwaka 2018, kila ukitokea ubishi watu wanadai kamera ziongezwe. Kamera ni kitu kizuri, lakini naona kinachokosekana zaidi ni maelezo.

Tuchukue mchezo wa Yanga na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, uliochezwa Pretoria tarehe 5 Aprili 2024. Stephane Aziz Ki alipiga shuti, mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Waamuzi wa video walikuwepo. Bao halikukubaliwa, timu zikatoka bila kufungana kama ilivyokuwa Dar es Salaam, na Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Sitaki kubishana kama mpira ulivuka mstari wote (sheria inataka uvuke wote, si nusu). Mtambo wa mstari wa goli, uliotumika Kombe la Dunia mwaka 2014, ungejibu swali hilo kwa sekunde moja, ila ni ghali. Ninachouliza mimi ni hiki: waliokaa mbele ya televisheni waliona picha gani, na walimwambia nini mwamuzi? Kueleza hayo hakuhitaji fedha za kigeni. Lakini watazamaji waliachwa gizani, na huku vijiweni kila mtu akatunga sababu yake.

Wapo watakaosema mambo hayo ni ya Afrika tu. Si kweli hata kidogo. Huko Uingereza, tarehe 30 Septemba 2023, Luis Díaz wa Liverpool aliifunga Tottenham, mshika kibendera akasema ameotea. Picha zilionyesha hakuotea. Mwamuzi wa video alidhani bao limekubaliwa uwanjani, akamwambia mwenzake ukaguzi umekwisha, mpira ukaanzishwa. Fundi wa picha ndiye aliyeshtuka na kuuliza, lakini sheria hairuhusu kurudi nyuma kwa jambo kama hilo mchezo ukishaanza tena. Liverpool walifungwa 2-1. Mtambo haukukosea; waliokosea ni watu wawili waliozungumza bila kuelewana. Kama mwamuzi wa chumbani angelazimika kutamka kwanza, "uamuzi wa uwanjani ni kuotea", kabla ya kutazama picha yoyote, bao lile lingehesabiwa. Sisi walimu tunamtaka mtoto alirudie swali kabla ya kulijibu, na tunajua ni kwa nini.

Hata hivyo wenzetu hao walifanya jambo moja la kiungwana. Siku chache baadaye walitoa hadharani sauti za mazungumzo yale, aibu yote ikasikika. Mashabiki wa Liverpool hawakurudishiwa bao, lakini walijua limepotea wapi. Mashabiki wa Yanga hawakupata hata hilo.

FIFA nayo, katika Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023 huko Australia na New Zealand, iliwataka waamuzi watangaze kwa kipaza sauti uamuzi waliofikia baada ya kutazama picha. Utaratibu huo ufanywe wa lazima kila penye VAR, na sauti za chumbani zipewe klabu zote mbili katika siku tatu.

Kwa ligi zisizo na uwezo ipo njia nyepesi, iliyojaribiwa huko Colombia mwaka 2024 katika Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 20. Hakuna chumba cha waamuzi wa video. Kocha anaruhusiwa maombi mawili, refa anatazama picha mwenyewe, na ombi likikubaliwa kocha halipotezi. Kamera chache zinatosha.

Mimi huchezesha mechi za shule za kuchagua timu ya UMITASHUMTA, na mshika kibendera wangu ni mwanafunzi wa darasa la saba. Nikikataa bao nawaita manahodha wote wawili, nawaeleza sababu kwa sauti. Wananung'unika, kisha wanarudi kucheza. Sioni kwa nini CAF, yenye vipaza sauti na televisheni, ishindwe kufanya hivyo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpwapwa.