Nani Alinituma Nimwage Mtama?

Wasee, leo nimekuja kuomba msamaha. Nusu tu.

Jumamosi iliyopita anti yangu na mumewe walikuwa wanasherehekea miaka 25 ya ndoa. Hema lipo, nyama ipo, DJ ni binamu yangu. Ikafika ile saa ya wazee, akaweka "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Hata kama unadhani huijui, lile gitaa likianza mwili wako unaijua. Watu wote wakasimama. Na mimi, kwa sababu siku hizi kazi yangu ni kuchambua nyimbo mbele ya simu (chuo tuliachana mwaka wa pili, msiniulize), nikaona hapa kuna kontenti. Nikasema kwa sauti, meza nzima ikasikia: "Kwani nyinyi hamskizi maneno? Huu wimbo ni wa mapenzi gani?"

Nikaeleza. Jamaa anamlalamikia mwanamume mwenzake aliyemkasirikia. Anasema hana kosa, na hoja yake ni kwamba kila mmoja wao ana mtu wake kwake. Sasa kama kila mtu ana wake, hasira inatoka wapi? Mimi naona kuna mwanamke mwingine katikati, na kuna wake wawili nyumbani ambao hakuna aliyewauliza kitu. Na sisi hapa tunaukatia mauno mbele ya keki.

Anti akaacha kucheza. Anko akakumbuka ghafla kwamba kuna soda zimebaki kwa gari.

Binamu yangu akaniambia nimemwaga mtama. Nikajitetea: mtama gani, na wimbo ni mzee kuliko sisi wote wawili? Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika mwaka wa 1978, na huu ni kati ya nyimbo zilizowatoa mapema. Spoila si huisha muda? Sheria yangu inajulikana: filamu nakupa wiki mbili, tamthilia nakupa mwezi, baada ya hapo shauri yako. "Avengers: Endgame" ilipotoka 2019, waongozaji wenyewe waliandika barua ya wazi wakiomba watu wasimwage mtama, na nikanyamaza kama maji ya mtungi. Lakini miaka arobaini na kitu? Na tena Mkenya aliyekulia kwa kibanda cha DJ Afro analalamikia spoila kivipi? Tulikuwa tunaelezwa staring ni nani hata kabla hajachomoa upanga, na staring hafi. Hakuna aliyedai arudishiwe pesa.

Kwa hivyo nilijiona niko sawa kabisa, hadi usiku, tukiosha sufuria mimi na anti.

"Wewe unafikiri tulikuwa tunacheza bila masikio?" akaniuliza. "Hicho ni Kiswahili. Nyinyi ndio mnaruka na 'Kasongo' na Kilingala hamjui."

Halafu akaniambia kuna mwaka fulani, hakuutaja, ambao anko hakuwa akirudi nyumbani mapema. Tangu huo mwaka, huo wimbo ukiwekwa popote, anti husimama na kucheza akimwangalia mumewe usoni, akiimba neno kwa neno. Yeye huangalia chini. Hawajawahi kuongea juu ya hiyo kitu hata siku moja. Huo wimbo ndio mazungumzo yao. "Na sasa wewe umemsomea mbele ya wakwe zake."

Manze, niliishiwa na maneno. Mtama wa filamu unamwagiwa mtu ambaye hajafika mwisho. Mimi nilimmwagia mtu aliyefika kitambo, akakaa huko peke yake, akanyamaza. Hapo kuhesabu miaka kunasaidia nini? Sikujua hata kuna kitu cha kuharibu.

Lakini nilisema nusu, na nusu ile nyingine siachilii. "Every Breath You Take" ya The Police, ya 1983, watu huichezesha harusini, na Sting aliyeitunga amesema wazi kwamba si wimbo mtamu vile watu wanadhani. Ni mtu mwenye wivu, anamchunga mwenzake kila hatua. Rafiki yangu alitumiwa huo wimbo na boyfi wake wiki ile ile alipoambiwa awashe lokesheni saa ishirini na nne. Yeye aliona ni mahaba. Mimi sikungoja wiki mbili wala siku mbili, nilimweleza hapo hapo, chakula kikiwa mdomoni. Alikasirika, tukakaa wiki tatu bila kusalimiana. Sitaomba msamaha. Januari 2024 tuliingia barabarani kwa sababu wanawake wanauawa nchi hii, na wengine wanauawa na wapenzi wao.

"Malaika" nayo mniachie. Ni jamaa anayetaka kuoa na hana pesa, na bado tunaiimba harusini. Kama ushalipa mahari ukamaliza, imba tu, hapo nani ameumia?

Haya yote nimeyaandika kwa ruhusa ya anti, alisoma kwanza. Ile video ya "Sina Makosa" niliyorekodi asubuhi ya sherehe bado iko kwa simu. Nilimuuliza kama naweza kuiweka. Amesema hiyo nikamuulize anko.