Glopu ya Nyuma Si Kazi ya Fundi

Ukipita Barabara ya Kilwa kabla ya alfajiri, ukitokea Mkuranga kuja Mbagala, utazikuta toyo, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, zimesheheni nazi, mihogo na magunia, zinajikokota pembeni mwa lami kuwahi soko. Mbele taa inamulika. Nyuma, kwa nyingi nilizozipita, ni giza tupu. Lori linalokuja kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa linameza karibu mita 17 kila sekunde, na kitu cha kwanza anachokiona dereva wake ni lundo jeusi ambalo hajui kama linakwenda au limesimama.

Muulize mwenye toyo kwa nini haina taa ya nyuma. Jibu utalipata lile lile, uwe Kongowe au Tandika: "Hiyo glopu imekaa pabaya, kaka. Hiyo ni kazi ya fundi." Na fundi ana foleni, au anataka hela ambayo leo lazima iingie kwenye hesabu ya bosi. Basi glopu inangoja kesho, na kesho ina safari zake. Rai hiyo imekwisha kuwa kama sheria vijiweni: taa ya nyuma ni kitu kidogo, kimekaa mahali pagumu, na anayekijua ni fundi umeme. Mimi naikataa rai hiyo yote, kuanzia na hilo neno "kidogo".

Taa ya mbele ikizimika, dereva anajua papo hapo, maana barabara inapotea machoni pake. Honi ikigoma, anajua. Taa ya nyuma inaweza kukaa miezi mitatu imekufa bila yeye kupungukiwa na chochote anachokiona. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na hapa msemo huo ni wa kweli neno kwa neno. Ndiyo maana tunaiita ndogo: tunaipima kwa faida tunayoipata sisi tulioko mbele, ilhali imewekwa pale kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, yule aliyeko nyuma yetu, ambaye uhai wetu uko mguuni pake.

Wapo pia wasemao kwamba mchana taa hiyo haina kazi. Hawa wanasahau kuwa ndani ya kile kioo chekundu kuna taa mbili. Toa glopu uitazame. Kitakoni imeandikwa 12V 21/5W, na ndani ya kioo chake utaona nyuzi mbili za chuma, nyembamba kama nywele. Uzi wa wati 5 huwaka muda wote taa zinapowashwa. Ule wa wati 21 huwaka ukikanyaga breki tu, na huo haujui mchana wala usiku. Saa saba mchana pale Mbagala Rangi Tatu, daladala inapokukaribia kwa nyuma nawe ukasimama ghafla kwa sababu ya mama anayevuka, uzi huo ndio unaokusemea.

Nyuzi hizi mbili hazifi pamoja. Mmoja hukatika, mwingine ukaendelea kuwaka kwa majuma, na hapo ndipo penye hatari iliyojificha. Dereva humwuliza kijana aliyesimama nyuma, "Inawaka?" Kijana anaona wekundu, anajibu, "Inawaka." Iliyowaka ni ipi? Kama ni ya breki tu, usiku haonekani mpaka akanyage. Kama ni ile ya wati 5 tu, anayemfuata hana namna ya kujua kwamba amefunga breki. Swali la kweli lina sehemu mbili: washa taa, uliza, kisha kanyaga breki, uliza tena kama wekundu umeongezeka.

Sasa tuje kwenye ugumu wa kuifikia, maana hapo ndipo hoja ya wenzangu ina uzito. Taa ya toyo ya mizigo iko chini ya bodi, karibu na ukingo wa nyuma, mahali panaporukiwa na matope na kugongwa na kila gunia linaloteremshwa. Mara nyingi nati za kuishikilia ziko upande wa ndani, mkono haupiti vizuri, na baada ya masika mbili zimeshikana kwa kutu. Hilo siwezi kulipinga.

Lakini chuchumaa nyuma ya toyo tano utazame kinachozuia mkono hasa. Kwa nyingi si kiwanda. Ni ile ngao ya nondo tuliyomwambia mchomeleaji aiweke ili taa isivunjwe na mizigo. Skrubu za kioo cha taa zinaelekea nje. Bisibisi ya nyota ingezifungua kwa dakika mbili. Ila ngao imechomelewa pande zote nne, kimo cha vidole viwili kutoka kwenye kioo, hivyo hata ukizilegeza skrubu, kioo hakina pa kutokea. Tumeijengea glopu gereza lisilo na mlango, kisha tunalalamika kwamba imekaa pabaya.

Dawa yake ni kazi ya mara moja tu. Rudi kwa mchomeleaji huyo huyo, mwambie akate upande mmoja wa ngao aweke bawaba, na upande wa pili aweke bolti mbili za kufunguliwa kwa spana namba 10. Ulinzi unabaki vile vile, na mlango umepatikana. Nati za ndani zilizoshikana, zilowekwe na mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi zifunguliwe, kisha zipakwe grisi kabla ya kurudishwa. Kuanzia hapo kubadilisha glopu kunakuwa kazi ya dereva, kama kupima upepo wa tairi.

Kazi yenyewe iko hivi. Toyo isimame mahali tambarare, haina mzigo, mawe yamezuia magurudumu, ufunguo umezimwa. Kama taa ilikuwa inawaka, ngoja kidogo, maana wati 21 zinaunguza vidole. Fungua kioo. Glopu haichomolewi kwa kuvutwa: isukume ndani kidogo, izungushe kinyume na mshale wa saa, kisha iachie ije yenyewe. Pale ambapo vidole havifiki, kata kipande cha tyubu ya baiskeli chenye urefu wa kiganja, kivalishe juu ya glopu kama soksi, ukisukume na kukizungusha. Mpira unashika kioo vizuri kuliko vidole vyenye jasho, na glopu ikivunjika, mkono uko salama. Kama imekwisha vunjika, toa kwanza waya wa betri, kisha shika kitako chake cha shaba kwa plaizi.

Wakati wa kurudisha, angalia vipini viwili pembeni mwa kitako. Kimoja kimekaa juu kidogo kuliko kingine, kwa makusudi, ili glopu iingie kwa upande mmoja tu. Ikikataa, igeuze. Usiilazimishe. Nimeona glopu iliyoingizwa kwa nguvu kinyume: uzi wa wati 21 ukawa unawaka usiku kucha, na breki ikikanyagwa zinaongezeka wati 5 tu, tofauti ambayo jicho la mtu wa nyuma haliioni. Nimeona pia glopu ya uzi mmoja, ya indiketa, imebanwa kwenye soketi ya nyuzi mbili kwa kuwa dukani ndiyo iliyokuwepo. Kitako chake kikaunganisha njia mbili za umeme zisizotakiwa kukutana, na kila breki ilipokanyagwa taa nyingine za chombo zikawaka. Makosa yote mawili hayahitaji chuo kuyaepuka. Yanahitaji kusoma maandishi ya kitakoni kabla ya kulipa, na kutazama vipini kabla ya kuingiza.

Wenzangu wana hoja nyingine, nayo ina wafuasi wengi kuliko zote: "Hata ukibadilisha, itaungua tena. Glopu za siku hizi feki." Glopu mbovu zipo madukani, sibishi. Lakini glopu zikiungua tatu kwa mwezi, kulaumu duka ni kukwepa kuitazama toyo yenyewe. Uzi wa glopu unakufa kwa mambo mawili makubwa: mtikisiko na umeme uliozidi. Taa inayocheza kwenye bano lake kwa sababu nati moja imedondoka hutikisika kila shimo, na uzi ulio moto ni dhaifu. Umeme nao una kipimo chake. Injini ikiwa inazunguka, betri ya volti 12 inatakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikipanda juu ya 15, regulata imechoka, na glopu ya dukani haina kosa. Volti zikizidi asilimia 5 tu juu ya kiwango cha glopu, maisha yake hupungua karibu nusu. Hapo, naam, mwite fundi mwenye mita.

Kuna ugonjwa wa tatu, ambao hauui glopu bali huifanya ionekane imekufa. Ni kutu kwenye waya wa hasi, ule unaofungwa kwenye bodi. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi, na tuna desturi ya kuosha vyombo kwa mpira wa maji ya nguvu, ukielekezwa moja kwa moja kwenye taa. Maji yanaingia, soketi inaota ukungu wa kijani, umeme unakosa njia ya kurudi. Dalili zake ni rahisi kuzitambua: ukikanyaga breki, taa inafifia badala ya kuongezeka, na ukiwasha indiketa, taa ya nyuma nayo inacheza pamoja nayo. Umeme uliozibiwa njia moja unatafuta nyingine kupitia uzi wa jirani. Hata kutu ikipunguza volti kidogo tu, kiasi glopu ya volti 12 ipate 10.8, mwanga unashuka karibu theluthi moja.

Kupima ni rahisi. Chukua waya, gusisha ncha moja kwenye kitako cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha soketi. Taa ikiamka, umempata mwizi. Sugua kwa msasa mpaka shaba ing'ae, kaza, paka mafuta ya mgando kiasi kidogo sana kuzuia chumvi, na uhakikishe mpira wa kuzuia maji umerudi mahali pake. Ni glopu ngapi nzima zimetupwa jalalani kwa kosa la skrubu moja yenye kutu? Jambo hili linaniuma, kwa sababu anayezilipia ni mtu anayehesabu mia mia.

Stika zinazong'aa ni nzuri, zibandike. Ila zinang'aa pale tu zinapomulikwa, na haziwezi kusema "nafunga breki". Taa za LED nazo zina faida: huwaka papo hapo, ilhali uzi wa kawaida huchukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kupata moto, sawa na mita tatu na ushei kwa mwendo wa kilomita 60. Lakini ukiweka LED nyeupe ya bei rahisi nyuma ya kioo chekundu, unapata mwanga hafifu wa waridi, na tofauti kati ya taa na breki mara nyingi inapotea. Ukitaka LED, nunua nyekundu yenye viwango viwili, uitazame kwa nyuma mchana kweupe kabla ya kuiamini.

Je, fundi atakula wapi? Nimeulizwa hivyo, tena na mafundi wenyewe. Riziki ya fundi iko kwenye regulata, kwenye waya uliokatikia ndani ya bomba, kwenye swichi ya breki iliyogoma. Kumlipa mtu azungushe glopu kidogo tu si kumheshimu. Na wenye vyombo, ninyi mnaopokea hesabu kila jioni, mna sehemu yenu. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2021/22 ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Wengine walisikia humo kwamba kosa lenyewe limekuwa dogo. Glopu ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa dukani. Wekeni mbili chini ya kiti, pamoja na bisibisi, spana namba 10 na kipande cha tyubu, na msimkate dereva dakika kumi alizotumia kuibadilisha.

Nawe dereva, usingoje trafiki. Leo jioni, kabla ya kutoka, rudisha toyo kinyumenyume mpaka karibu na ukuta, washa taa, geuka utazame wekundu ukutani. Kisha kanyaga breki. Usipouona wekundu ukiongezeka, usiondoke.