Kinga Nayo Hupimwa: Lugha na Uamuzi wa Mgonjwa wa Saratani

"Kinga ni bora kuliko tiba" ni methali ambayo takriban kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kuiandikia insha. Methali hiyo huchukulia kwamba aliyejaliwa kinga hana haja ya tiba. Katika matibabu ya saratani mambo hayako hivyo. Mgonjwa hupewa tiba, na papo hapo hupewa dawa nyingine za kumkinga na tiba yenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba dawa hizo za kinga nazo zina gharama mwilini, kwamba mgonjwa ana haki ya kuzipima kabla ya kuzikubali, na kwamba hawezi kupima kitu alichoelezwa kwa lugha asiyoielewa.

Tibakemikali, yaani matibabu kwa dawa zinazoua chembe zinazogawanyika kwa kasi, huziathiri chembe njema pamoja na zile za saratani. Doksorubisini, dawa nyekundu itumiwayo katika saratani ya matiti na nyinginezo, huweza kuudhuru moyo, na hatari hiyo huongezeka kadiri jumla ya dawa aliyopokea mgonjwa inavyopanda. Ifosfamaidi huzalisha mwilini sumu iitwayo akrolini, ambayo huweza kukichoma kibofu hata mgonjwa akakojoa damu. Dawa nyingi za aina hii hupunguza chembe nyeupe za damu na kuleta kichefuchefu.

Madhara haya yana dawa za kuyapunguza. Mesna huinasa akrolini kibofuni. Filgrastimu huuchochea uboho utengeneze chembe nyeupe, lakini aghalabu huleta maumivu ya mifupa. Deksamethasoni hupunguza kutapika, lakini huweza kupandisha sukari katika damu na kumnyima mtu usingizi. Deksrazoksani huulinda moyo dhidi ya doksorubisini, lakini huweza kupunguza chembe za damu zaidi.

Historia ya hiyo ya mwisho ina funzo. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka wa 1997 yalizusha shaka kwamba huenda dawa hiyo inapunguza makali ya tiba yenyewe. Tafiti zilizofuata kwa jumla hazikuithibitisha shaka hiyo. Mwaka wa 2011, Shirika la Dawa la Ulaya liliikataza kwa watoto na vijana walio chini ya miaka 18, kwa hofu kwamba huenda ikachangia saratani mpya. Mwaka wa 2017, baada ya kuupitia ushahidi upya, shirika hilo liliondoa katazo kwa wale wanaotarajiwa kupokea kiasi kikubwa cha doksorubisini au dawa za jamii yake. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni uzito wa ushahidi na swali la nani anayepimiwa.

Sasa tuje Mombasa. Tuchukulie mama wa makamo wa Likoni, mwenye kisukari, avukaye kwa feri kwenda kisiwani kutibiwa saratani ya matiti. Angeweza pia kuwa wa Kisauni apitaye daraja la Nyali, au wa Changamwe apitaye Makupa. Akipewa deksamethasoni na kuambiwa tu, "Mama, hii ni ya kukukinga," ataimeza kwa imani. Sukari ikipanda usiku, naye yuko ng'ambo ya maji, atadhani mwili umeshindwa na matibabu, na huenda asirudi. Lau angeelezwa mapema, angeipima sukari yake na kupanga na daktari namna ya kurekebisha dawa za kisukari. Vidonge ni vile vile. Tofauti imeletwa na maneno.

Wapo wasemao kwamba kumtajia mgonjwa madhara ni kumtia hofu. Hoja hii haina mashiko. Anayeonywa hujiandaa, anayeshtukizwa ndiye atorokaye. Isitoshe, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017, kifungu cha 8, inampa mgonjwa haki ya kuelezwa manufaa, hatari na gharama za matibabu, kwa lugha anayoielewa inapowezekana. Nayo Katiba ya 2010, ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi.

Hapa ndipo taaluma yetu inapohusika. Istilahi tunazo kiasi: TUKI ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka wa 2003. Lakini mgonjwa haelewi kwa nomino pekee. Neno "athari" laweza kuwa la heri au la shari, kwa hiyo huficha. "Madhara" likitajwa bila kiasi, hutisha. Kitenzi "kukinga" huahidi usalama kamili, ilhali ukweli ni kwamba dawa "hupunguza uwezekano". Hata "uwezekano" hauna maana mpaka tuseme: kati ya watu mia kama wewe, wangapi hupatwa bila dawa hii, na wangapi wakiitumia?

Napendekeza wanachama wanaotoka Likoni, Kisauni na Changamwe watumie likizo kushirikiana na wauguzi na madaktari kuandika vijikaratasi vya Kiswahili chepesi, vithibitishwe na wataalamu, kisha visomewe wagonjwa kabla ya kuchapishwa. Kila kimoja kijibu maswali manne: Dawa hii yapunguza hatari gani? Yaipunguza kiasi gani kwa mtu kama mimi? Yenyewe yaweza kunidhuru vipi? Dalili gani zinidai nirudi hospitali mara moja? Pawe pia na nafasi ya mgonjwa kutaja mwarobaini au dawa nyingine anazotumia nyumbani, bila kukemewa, kwani baadhi ya mitishamba huingiliana na dawa za hospitali. Nia isiwe kumfanya mgonjwa akatae dawa au aiache kwa siri, bali aamue pamoja na daktari wake.

Ipo methali nyingine: "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Kinga hapa ni kijinga cha moto, na kimoja peke yake huzimika. Daktari anayo elimu ya dawa. Mgonjwa anaujua mwili wake, kipato chake na njia yake ya kurudi nyumbani. Kuvikutanisha vijinga hivyo viwili ni kazi ya lugha, na lugha ndiyo tuliyokuja chuoni kuisomea.