Kisoro au dame: tuanze na mchezo mwepesi

Mabishano haya nayasikia chini ya miembe hapa Uvira: watoto wa ndugu zetu waliokimbia vita tuwafundishe mchezo gani, dame au kisoro?

Wazee wanataka kisoro: safu 4, mashimo 32, kete 64, na yako mashimo yanayokuruhusu kurudi nyuma. Ni mchezo wa akili. Lakini asiyeujua anakaa pembeni siku nzima, na mtu aliyeacha nyumba yake hahitaji kuachwa tena.

Dame ni vizibo vya chupa na kipande cha katoni. Mtoto anaielewa haraka, hata kama nyumbani wanasema Kifuliiru, Kibembe au Kirundi.

Kwa maoni yangu, tuanze na dame ili kila mtu apate nafasi ya kukaa. Wakishazoeana, wazee wachimbe mashimo ya kisoro na kufundisha polepole, bila kuchekana. Kinahitaji udongo na mbegu tu. Hata ukikimbia usiku mikono mitupu, kisoro unakibeba kichwani. Tusipowafundisha watoto sasa, kitazikwa pamoja na wazee.